Ng'ombe Niliowakataa Usagara

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Mimi Kashindye nina miaka sabini na minane na meno ya mbele yote ninayo. Nimemwona Mwingereza akifunga mizigo yake akaondoka. Nimekiona chama cha pamba kikinenepa, nikakiona kikikonda mpaka kikabaki majengo na popo. Nimekula unga wa njano wa foleni. Vita ya Amini imepita, mimi nipo. Sasa maduka yamejaa sabuni za kila rangi na watu wanazitazama tu kama picha. Wake zangu wawili nimewazika. Wanangu wa kiume nimewazika wote, wa mwisho Elias. Wale tuliobeba marobota ya pamba pamoja wamekwisha, kabaki Mhoja peke yake, naye jicho moja halioni.

Kusoma nilijifunza ukubwani. Mwalimu wa elimu ya watu wazima alisema naandika kama ninavyolima, yaani kwa nguvu. Hakuna aliyenipita darasa lile.

Naandika kwa sababu ukoo wangu umebaki na msichana mmoja, Evelina, binti wa Elias. Sheria yetu Wasukuma inajulikana. Msichana akitolewa ng'ombe, watoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Akizaa bila ng'ombe, mtoto ni wa kwao msichana, anachukua jina la kwao, na hakuna wa kumdai. Evelina akiolewa vizuri, mimi nimekwisha.

Leo tukitoka kanisani nimemwona Kija kampandisha begani mtoto wa binti yake Bernadeta. Mtoto huyo baba yake ni Machibya, wakala wa samaki, mhuni ambaye kila mwalo wa kushushia samaki toka hapa Mkuyuni hadi Magu una msichana anayemlaani. Machibya hakutoa hata mbuzi. Basi mtoto anaitwa Kija, kama babu yake. Na Kija alikuwa anatembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Nimerudi nyumbani, sikula.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua. Wanasema mwaka huu itakuwa kubwa, ina jina la kigeni. Nimeona mvua kubwa zisizo na jina.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimempata bila kumtafuta. Machibya anahitaji kivuli cha kuwekea makasha yake ya barafu karibu na mwalo. Kila mwenye binti amemfungia geti. Amekuja kwangu na viatu vyeupe, amekanyaga navyo magamba ya samaki njia nzima, na miwani ya jua siku isiyo na jua. Akanipa shikamoo. Nikamwitikia, nikamuuliza kama yeye ndiye yule.

"Inategemea mzee umesikia nini."

"Nimesikia yote."

"Basi ndiye," akasema.

Nikampa uwanja wote wa nyuma. Akashangaa, akauliza kama nina watoto wa kike. Nikamwambia ninaye mjukuu, anajifunza ushonaji kwa masista, anaimba kwaya, hajawahi kumtazama mwanaume usoni zaidi ya padri. Nikamwita Evelina alete maji. Alileta, akapiga goti, macho chini, akaondoka. Machibya alisahau kunywa.

Mhoja alikuwepo. Aligonga fimbo chini akaniambia nimemfungulia fisi zizi. Nikamwambia jicho lake moja liangalie mambo yake.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua.

Jumapili, 2 Novemba

Getruda, mama yake Evelina, mjane wa Elias, ameuliza yule mtu anafanya nini hapa kila siku. Getruda huuza mitumba soko la Mirongo, hutoka kabla ya jua na kurudi nalo limeshazama, kwa hiyo hajui mengi. Nilimuuliza nyumba hii ni ya nani. Akanyamaza. Getruda ananyamaza vizuri, ni Mjaluo wa Shirati lakini hilo la kunyamaza alilijua hata kabla hatujamfundisha.

Evelina naye kaniuliza, kwa aibu, kama ni kweli yasemwayo kuhusu Machibya. Nilimwambia watu wana wivu na gari lake. Kaamini. Huyu mtoto unaweza kumwambia ziwa limehamia Tabora akachukua ndoo akaenda kuteka.

Jumapili, 9 Novemba

Magugu maji yameingia ghubani mpaka mitumbwi haifiki mwaloni. Samaki wanachelewa, barafu inayeyuka, Machibya anakaa uwanjani kwangu toka asubuhi. Vizuri.

Nakaa dirishani namsikiliza anavyofanya kazi yake. Kweli ni fundi. Alimsifu sauti, akamsifu mkono wa kushona, akasema hajawahi kuona msichana kama yeye. Nilijua maneno yote kabla hajayasema. Lakini leo Evelina hakuinamisha kichwa. Alimtazama, akamuuliza, si kwa kumsuta, kama mtu anayeuliza njia: "Mwanao wa kwa Bernadeta anapenda kula nini?"

Machibya alisema hajui.

"Ana miaka mingapi?"

Akasema hajui pia. Evelina akasema pole. Alimpa pole kama aliyefiwa. Basi yule fundi aliondoka mapema, makasha akayaacha wazi, barafu yote imekuwa maji.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimepata habari kwamba Machibya alikwenda kwa Kija na viatu vya mtoto. Kija alimfukuza, akamwambia hapa huna mtoto, una viatu. Kija kafanya sawa. Lakini mimi sikupenda. Mhuni akianza kununua viatu vya watoto, kazi inaharibika.

Jumanne, 18 Novemba

Nimetangaza kuna matanga Misungwi. Nikavaa koti, nikamchukua Mhoja, tukaondoka asubuhi. Getruda alikuwa Mirongo. Tulikaa kwenye kibanda cha chai mpaka alasiri, mvua inapiga bati, Mhoja ananiuliza nani amekufa, mimi namjibu kunywa chai. Alipotambua ni nani wawili nimewaacha nyumbani aliweka kikombe chini, akarudi kwake kwa miguu kwenye mvua ile.

Niliporudi Evelina alikuwa amekaa jikoni, moto umezimika. Nilimuuliza kama amekula. Akasema ndiyo babu.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua imebomoa choo cha jirani. Changu kimesimama, nilikijenga mwenyewe.

Machibya bado anakuja. Nilidhani angekuwa ameshahama.

Jumamosi, 20 Desemba

Evelina anatapika asubuhi. Getruda amemwona. Alinitazama, akaenda kumfulia mwanawe kanga.

Nimekwenda dukani nikanywa soda baridi peke yangu, nimesimama. Atakuwa wa kiume. Ataitwa Kashindye. Nimekaa na watu wanaonionea huruma tangu nilipomzika Elias, wananipa mkono kama wanampa mgonjwa. Sasa waje.

Alhamisi, 25 Desemba

Evelina hakuimba leo. Masista wamemwambia apumzike kwaya. Alikaa benchi la nyuma na wale wanawake wa aina yake. Alilia kidogo. Ni vizuri azoee.

Jumapili, 28 Desemba

Amekuja. Si kwa makasha. Amekuja na mshenga, na shati la mikono mirefu, viatu vyeusi. Mshenga akasema ua limeonekana katika nyumba hii na kijana anaomba kulipalilia. Machibya mwenyewe jasho linamtoka na mvua inanyesha.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu ila hilo. Nikamuuliza mshenga kama anamjua anayemwombea. Akasema anamjua. Nikamuuliza Machibya amewaahidi ndoa wasichana wangapi. Akasema wote.

"Na huyu?"

"Huyu sikumwahidi. Ndiyo maana nimekuja."

Hawezi mtu kumfukuza mshenga mlangoni bila kutazama ng'ombe, watu wangeuliza sababu. Nikasema tutakwenda kuwaona. Evelina alikuwa nyuma ya pazia, nilisikia akicheka kidogo, kicheko kile cha mtu aliyezuia pumzi siku nyingi. Getruda alinipikia kuku.

Jumatano, 7 Januari 1998

Mhoja amekuja kunieleza kwamba Machibya ameuza gari. Pesa zote amenunulia ng'ombe, wako kwa mama yake, Usagara. Mhoja anafurahi kama yeye ndiye anayeoa. Anasema, Kashindye, nisamehe, nilikuona mtu mbaya. Nikamwambia asiwe na haraka.

Jumamosi, 10 Januari

Naandika yote ya leo, mkono utachoka lakini yaandikwe.

Tulikwenda Usagara, mimi na Mhoja na wazee wengine wawili wa kanisani. Barabara imekatika mahali, tulishuka tukavuka maji kwa kushikana. Mama yake Machibya anaitwa Selestina, mama mnene mwenye heshima, alitupokea kwa kupiga goti kwenye tope. Boma limejaa. Kawaida yetu mtazamaji wa upande wa msichana anaingia na fimbo, anayemkubali anamgusa, asiyemkubali anasema kasoro yake, na anabadilishwa. Katika kutazama ng'ombe hakuna mtu toka hapa hadi Shinyanga anayenifikia. Hata wenye ng'ombe huniita.

Niseme kweli, walikuwa ng'ombe wazuri. Nimeona ng'ombe maisha yangu yote na wale walikuwa wazuri.

Wa kwanza nilisema pembe imeinama. Machibya akasema huyo tutabadilisha. Wa pili nikasema chuchu moja imekufa. Mhoja akainama akatazama, akasema mbona nzima. Nikamwambia kwa jicho lipi. Wa tatu anatembea kama mlevi. Wa nne macho yana ukungu. Jike lenye ndama nikasema ndama hana afya, na ndama alikuwa anaruka pale pale mbele yetu, wazee wa kanisani wakaanza kutazama viatu vyao. Kila mara Machibya anasema tutabadilisha, tutabadilisha. Sikumgusa hata mmoja. Mvua ikaja, tukabaki tumesimama.

Mwisho Machibya akavua kofia.

"Mzee, niambie ng'ombe unayemtaka wewe. Nitamtafuta hata Meatu, kwa miguu."

Nilichoka na mchezo ule. Mimi si mtu wa kujificha.

"Sitaki ng'ombe," nikamwambia. "Nataka kilicho tumboni. Wewe nilikupa uwanja ufanye ulichozoea kufanya, uondoke. Mbona huondoki?"

Ng'ombe tu walikuwa wanapumua. Selestina ndiye aliyetangulia, akasema taratibu, "Kumbe mwanangu ulimwita kama dume la kuazima."

"Na kazi ameifanya," nikasema. "Nashukuru."

Yule mhuni, ambaye amewaliza wasichana wa ziwa zima, alikaa chini pale kwenye samadi na viatu vyake vyeusi. Nilitegemea anitukane. Hakunitukana. Alisema tu kwamba sasa anajua jinsi inavyouma upande wa pili.

Nilirudi na wale wawili wa kanisani. Kwenye maji walishikana wao wawili. Mhoja alibaki Usagara.

Jumapili, 11 Januari

Machibya alifika kabla ya misa, akamweleza Evelina kila kitu pale kwenye makasha. Nilimwona kwa dirisha. Evelina alimsikiliza, kisha akaingia kwangu, akanipa shikamoo, akakaa kwenye kigoda.

"Babu, siku ile ya matanga Misungwi, nani alikuwa amekufa?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Jioni yake ukaniuliza kama nimekula."

Nikamwambia kweli niliuliza. Nikamwambia pia nani alimlisha yeye baba yake alipokufa, nani kamlipia kwa masista, na kwamba mtoto wake hatakosa kitu, atakuwa na jina na uwanja. Nilisema mengi, nilisema vizuri.

Akaniambia: "Mimi nilikuwa naogopa kwamba Machibya ndiye atakayenidanganya. Kumbe siye niliyepaswa kumwogopa." Akainuka akaenda kukunja nguo. Hakulia. Nilikuwa nimezoea kumwona analia.

Alhamisi, 15 Januari

Mvua. Chakula naletewa.

Ijumaa, 23 Januari

Redio imesema Wazungu wamekataa samaki wetu kwa sababu ya kipindupindu. Viwanda vya minofu vimesimama, sangara wanauzwa mwaloni bei ya dagaa. Machibya hana gari, sasa hana na kazi. Nilikwenda mwenyewe mwaloni kumtazama. Amekaa juu ya kasha tupu. Nikamwambia sasa si ungekwenda zako, Kisumu, Bukoba, kokote, kuna wasichana huko. Akasema anajua wapo.

Nampa wiki moja ya njaa. Mapenzi ya mtu kama huyu yana matairi.

Jumapili, 1 Februari

Bado yupo. Anabeba mizigo ya watu kwa mkokoteni. Watoto wanamzomea kwa viatu vyake. Evelina alimpelekea ugali mchana kweupe, njia kuu, kichwa juu, watu wote wanaona. Nilimwamuru asiende tena. Akasema ndiyo babu, na kesho yake akaenda.

Jumamosi, 7 Februari

Amekuja mtu kutoka Shirati. Anaitwa Okwach, kaka yake Getruda, mrefu, lazima ainame mlangoni. Getruda ndiye aliyemwita, sikujua, aliondoka siku nzima nikadhani yuko Mirongo. Mhoja kaingia nao, na Selestina, na Machibya akabaki nje.

Okwach alinipa shikamoo yake kwa heshima zote. Akanywa maji. Kisha akaniuliza, "Mzee wangu, dada yangu Atieno mlimtolea nini?"

Getruda kwao anaitwa Atieno. Nikamwambia Elias alimpenda, na yeye alimpenda Elias, na mimi nilikwisha sema siku ile kwamba siwezi kuswaga ng'ombe wangu nikavuka nao mpaka kwa Wajaluo. Na kwao walinyamaza, kwa hiyo walikubali.

"Hatukukubali. Tulingoja," Okwach akasema. "Kwetu pia sheria ni hiyo hiyo yako. Bila ng'ombe, mtoto ni wa kwao mama. Evelina ni wetu tangu alipozaliwa. Nimepita Usagara jana. Ng'ombe nimewagusa mmoja mmoja kwa fimbo yangu. Sikuona kasoro."

Nilisimama. Nikasema natoa sasa. Nikasema kiwanja hiki ni changu, kipo mjini, nauza nusu, nanunua ng'ombe, namtolea Getruda wiki hii, na Elias atakuwa ameoa, na Evelina atakuwa wangu. Nilimwona Okwach amenyamaza, nikajua ameingia. Kiwanja cha Mkuyuni si kitu kidogo siku hizi.

Alimtazama dada yake.

Getruda alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kama kawaida yake. Akasema: "Baba, tangu Elias afe nimekupikia. Nilikuwa nasubiri useme neno hilo, hata la uongo, nikalale vizuri. Hukusema. Leo unalisema kwa sababu ya tumbo la mwanangu. Siwataki hao ng'ombe."

Nikamwambia anyamaze, wanaume wanazungumza.

"Nimenyamaza vya kutosha," akasema. "Kaka, maliza."

Okwach akamaliza. Akasema harusi itakuwa kwao Shirati, na mtoto ataitwa jina la kwao Machibya, maana ng'ombe wake wamepokelewa.

Jumatano, 11 Februari

Nimekwenda kwa katibu kata. Amesema mambo ya mila hayaingilii. Nimekwenda kwa padri. Padri ameniuliza kama nataka kuungama. Nimemwambia nilikuja kushtaki.

Ijumaa, 13 Februari

Wameondoka leo. Getruda amebeba robota lake la mitumba kichwani, hakutaka kusaidiwa. Evelina alivaa gauni aliloshona mwenyewe, alilipanua kiunoni. Nilikuwa nimekaa mlangoni na bakuli la maji. Kwetu msichana akitoka, babu humpulizia maji ya baraka kwa mdomo, na asiyepuliziwa huenda na wasiwasi kwamba hatashika mimba nyingine. Nilikuwa nimepanga nimnyime, aombe, nimnyime mbele ya watu.

Alinipita. Hakuomba. Alinipita kama unavyopitwa mti, akamshika mama yake mkono wavuke tope.

Machibya alikuja nyuma kuchukua cherehani, kwa mkokoteni wake. Akanipa shikamoo. Sikuitika. Nikamuuliza atamwacha lini.

"Sijui, mzee," akasema. "Nimewaacha wote. Huyu naogopa yeye ndiye ataniacha mimi, akinijua vizuri."

"Na akikuacha?"

"Ng'ombe hawarudi. Mtoto atakuwa wangu, mimi nitakuwa mzee na mtoto, na yeye hayupo. Si ndivyo ulivyotaka wewe?"

Akafunga cherehani kwa kamba, akasukuma.

Jumapili, 22 Februari

Mvua imekatika. Magugu yamesogea, ziwa linaonekana. Uji nimepika mwenyewe na hakuna mwanamke wa mtaa huu anayekoroga uji kama mimi. Nimeuacha ukapoa.

Kija amepita na mjukuu wake, akasimama kunipa pole. Nimemwambia sijafiwa.

Watakaosema nimeandika uongo wawaulize waliokuwepo. Mhoja alikuwa bomani Usagara, ingawa siku hizi tukikutana anavuka njia. Wazee wawili wa kanisani walikuwepo. Selestina atasimulia, atatia na chumvi. Okwach yuko Shirati na fimbo yake. Getruda hawezi kukana alichokisema. Evelina msimuulize, hatalitaja jina langu. Lakini mtu akitaka neno lililonyooka, amuulize Machibya mhuni. Wanawake aliwadanganya wote. Mimi, kila nilipomuuliza, alinijibu kweli.